Nembo ya Samaki wa Uwajibikaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafugaji, Wavuvi na Wauza Samaki wa Nyanda za Juu Kusini

Nafuga samaki Rungwe. Nina mabwawa manne ya kuchimba chini ya shamba la parachichi, na kwa muda sasa ni katibu wa kikundi chetu cha wafugaji. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa kwenye vikao vya kikundi, ndani ya Kosta za Kyela, na zaidi kwenye meza za samaki pale soko la Mwanjelwa, Mbeya. Mengi huanza mtu anapoona paketi ya samaki wa kugandishwa yenye kinembo cha bluu, au anaposikia kwamba mnunuzi wa nje "anataka cheti". Pale nilipo na maoni yangu nimesema wazi kuwa ni yangu.

Nembo hii inasema nini hasa? Kwamba samaki ni mzima?

Hapana. Uzima wa samaki ni habari ya usalama wa chakula, na ina sheria zake. Nembo ya uwajibikaji inazungumzia samaki alikotoka: je, ziwani au baharini wamebaki wa kutosha kuzaliana? Zana iliyotumika imeharibu nini? Kama ni wa kufugwa, maji ya bwawa yamemwagwa wapi, chakula kimetoka wapi, kibarua amelipwa?

Usipa, dagaa wetu wa Ziwa Nyasa, wanaweza kuwa wakavu, wanang'aa, bila punje ya mchanga, na bado wakawa wamevuliwa kwa wavu usioruhusiwa. Vilevile samaki aliyevuliwa kwa utaratibu mzuri kabisa anaweza kuozea njiani kati ya Itungi na Mbeya kwa kukosa barafu. Mteja makini huuliza yote mawili.

Wazo lenyewe lilitoka wapi?

Lilitoka kwenye msiba. Mwaka 1992 serikali ya Kanada ilifunga uvuvi wa chewa wa Atlantiki huko Newfoundland. Samaki waliovuliwa kwa karne kadhaa walikuwa wamekwisha, na makumi ya maelfu ya watu wakabaki bila kazi. Mwaka 1995 FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ikatoa Kanuni za Uvuvi wenye Uwajibikaji. Mwaka 1997 shirika la mazingira la WWF na kampuni ya Unilever wakaanzisha Marine Stewardship Council, yaani MSC, wenye kile kinembo cha bluu cha samaki wa kuvuliwa, na kufikia 1999 MSC ilikuwa inajitegemea. Cheti cha kwanza kilitoka mwaka 2000. Afrika haikuchelewa sana: uvuvi wa heki, samaki wa baharini, wa Afrika Kusini ulipata chake mwaka 2004.

Upande wa ufugaji kuna Aquaculture Stewardship Council, ASC, iliyoanzishwa mwaka 2010, na Global Seafood Alliance, iliyoanza 1997 kwa jina jingine na ambayo mpango wake wa mabwawa na viwanda unaitwa BAP. Wakulima wa parachichi wa Njombe na Rungwe wanalijua jina la tatu bila kuambiwa, GLOBALG.A.P., mpango wa vyeti vya kilimo bora. Hao nao wana kiwango cha samaki wa kufugwa.

Kiwango kinaandikwa na nani? Kuna mtu anakaa ofisini anaamua?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapokosea, na mimi nilikosea hapohapo kwa miaka.

Kabla ya kuwepo ASC palikuwa na mikutano iliyoitwa mijadala ya ufugaji wa viumbe maji. WWF waliianza mwaka 2004. Kila aina ya samaki ilikuwa na meza yake: kamba, samoni, pangasi, na perege pia. Kwenye meza moja waliketi mfugaji, mtengeneza chakula cha samaki, mwanasayansi, mnunuzi wa supamaketi, mtu wa mazingira na mtu wa haki za wafanyakazi. Zaidi ya watu 2,000 walipita kwenye meza hizo kwa jumla. Meza ya perege ndiyo iliyomaliza kwanza, mwishoni mwa 2009, na ndiyo maana perege walikuwa miongoni mwa samaki wa mwanzo kabisa kupata nembo ya ASC.

BAP wana njia yao. Kamati yao ya kusimamia viwango imegawanywa sawa kwa makundi matatu: watu wa biashara ya samaki, mashirika ya mazingira na jamii, kisha wasomi pamoja na wasimamizi wa sheria. Maana ya mgawanyo huo ni kwamba hakuna kundi linaloweza kupitisha jambo peke yake. MSC nao wana bodi ya wadhamini, jopo la kitaalamu, na baraza la wadau ambamo wavuvi na wanaharakati wanagombana uso kwa uso.

Ugomvi wenyewe huwa ni wa maneno madogo. Chukua sentensi "mfugaji asichafue mto". Kila mtu anaipenda. Lakini mkaguzi akifika bwawani ataipimaje? Kwa hiyo kamati inabidi ikae, hata mwaka mzima, kuibadilisha: maji yapimwe wapi, juu ya bomba la kutolea au chini yake, mara ngapi kwa mwezi, fosforasi kiasi gani, na nani alipie maabara. Neno "kidogo" haliwezi kukaguliwa. Namba inaweza. Na kila namba inayoandikwa kuna mtu mahali fulani itamfungia mlango, ndiyo maana ni muhimu kujua nani alikuwepo ilipokuwa inaandikwa.

Rasimu ikikamilika hutolewa hadharani ili yeyote atoe maoni. Shirika la ISEAL, lililoundwa mwaka 2002 kulea mipango ya namna hii, limekuwa likitaka siku zisizopungua 60. BAP nao hutumia siku 60. Baada ya hapo maoni hukusanywa, hujibiwa kwa maandishi, na rasimu hurudi mezani. Kiwango hakikai milele: kawaida hupitiwa upya angalau kila miaka mitano. Toleo la tatu la kiwango cha uvuvi cha MSC lilitoka mwaka 2022 baada ya miaka kadhaa ya vikao.

Mtu wa Matema au Ludewa akituma maoni, yanasomwa?

Yanasomwa, kwa sababu utaratibu unawalazimisha kuonyesha walichopokea na walichokifanya nacho. Tatizo letu liko kabla ya kutuma. Rasimu hutoka kwa Kiingereza, kurasa nyingi, kwenye intaneti, na siku 60 huisha kabla habari haijafika kwa ofisa uvuvi wa kata. Haya ni maoni yangu, na ninayashikilia: kiwango kinachoandikwa bila watu wa mabwawa madogo kitakuja kuwafungia nje watu wa mabwawa madogo, bila hata mtu mmoja kuwa na nia mbaya.

Mfano ni huu. Viwango vya ufugaji hupenda kupima ukijani wa maji kwa sahani ya Secchi, duara jeusi na jeupe linaloshushwa kwa kamba. Kwetu tunazamisha mkono. Unapiga magoti ukingoni, unakunja shati mpaka begani, unashusha mkono wima huku ukiangalia kiganja. Kiganja kikipotea maji yakiwa yamefika kiwikoni, bwawa liko vizuri. Kikipotea mapema, maji yamezidi mbolea. Kiwiko kikizama na vidole vyote bado vinaonekana, bwawa lina njaa. Ni kipimo kizuri, kila mtu anacho, na kinaweza kuandikwa kwa sentimita. Maoni ya namna hiyo, yenye vipimo na sababu, ndiyo yanayohamisha sentensi kwenye rasimu. Malalamiko ya jumla kwamba "viwango ni vigumu" hayahamishi kitu.

Andikeni kama kikundi, si mmojammoja. Na mkimpata mwalimu wa sekondari wa kuwasaidia Kiingereza, mpeni perege wake.

Mkaguzi anayekuja ni mfanyakazi wa MSC au ASC?

Hapana, na hili ndilo jambo ambalo ningependa kila muuza samaki wa Mbeya alijue. Anayeandika kiwango hatoi cheti. Cheti hutolewa na taasisi ya uthibitishaji isiyo chini yake, na taasisi hiyo inafuata kanuni za kimataifa ziitwazo ISO/IEC 17065. Mkaguzi haruhusiwi kukushauri leo namna ya kurekebisha bwawa, kisha kesho akaja kulikagua bwawa hilohilo. Akifanya hivyo atakuwa anakagua kazi yake mwenyewe.

Nililielewa hili kupitia parachichi, si samaki. Msimu mmoja kampuni iliyokuwa ikinunua matunda yetu ilituandalia ukaguzi. Ofisa wao wa shambani alitupitia wiki moja kabla, akatugawia madaftari mapya na kutuambia tujaze kumbukumbu za dawa za miezi iliyopita. Tukajaza, wengine usiku kwa taa ya sola. Siku ya siku akaja mkaguzi, mama mmoja mtaratibu. Alisalimia wazee kwanza, akaomba maji, akakaa kwenye benchi, akafungua daftari langu. Hakusoma. Alipitisha kidole chini ya mistari, ukurasa baada ya ukurasa, kisha akaligeuza daftari kidogo kuelekea dirishani. Wino mmoja. Mkono mmoja, umelala upande mmoja, kuanzia Machi hadi Juni. Hata doa la matope hakuna. Akaniuliza kwa upole, "Baba, hii umeandika jana?" Sikuwa na jibu. Kikundi kizima tulikaa msimu bila cheti.

Niliona aibu, na niliona hasira pia, kwa sababu wazo halikuwa letu. Lakini yule mama angekuwa ameajiriwa na mnunuzi wetu, angefumba macho, na cheti chetu kingekuwa karatasi tu.

Na huyo mkaguzi, nani anamkagua?

Shirika la ithibati. Kwa MSC na ASC ni Assurance Services International, ASI, lenye makao yake Bonn, Ujerumani. Linakagua makaratasi ya taasisi za uthibitishaji ofisini kwao, na mara nyingine hutuma mtu afuatane na mkaguzi hadi kwenye boti au bwawani, akae pembeni na kumwangalia anavyofanya kazi. Taasisi ikizembea inaweza kusimamishwa, na wateja wake wakalazimika kutafuta nyingine. Mashirika ya ithibati yana kanuni yao, ISO/IEC 17011.

Kwa hiyo kuna anayeandika, anayekagua, na anayemkagua mkaguzi. Ukikuta nembo ambayo kazi zote tatu zinafanywa na ofisi moja, hilo ni tangazo la biashara.

Alama zinahesabiwaje?

Kila mpango una hesabu yake. Kwa MSC kuna mambo makuu matatu: wingi wa samaki wenyewe, athari kwa viumbe wengine na makazi yao, na usimamizi. Chini yake kuna viashiria, na toleo la pili la kiwango lilikuwa na 28. Kila kiashiria hupewa alama mpaka 100. Kimoja tu kikishuka chini ya 60, hakuna cheti. Kikiwa kati ya 60 na 79, unaweza kupita lakini kwa sharti la kukiboresha ndani ya muda uliopangwa, na wastani wa kila jambo kuu lazima ufike 80. Cheti cha MSC hudumu miaka mitano na ukaguzi wa kufuatilia kila mwaka. Cha ASC ni miaka mitatu.

Kuna mambo ambayo hayana alama kabisa, ni mlango tu. Anayevua kwa baruti au sumu haingii, hata mengine yote awe nayo.

Mtu akiona cheti kimetolewa kwa upendeleo, anaweza kupinga?

Anaweza. Ripoti ya tathmini ya MSC huwekwa wazi kabla cheti hakijatoka, na wadau wana nafasi ya kuweka pingamizi linalosikilizwa na msuluhishi asiyefungamana na upande wowote. Mipango mingine ina njia zake za malalamiko.

Hii inatofautianaje na TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na sheria za uvuvi?

Sheria ni lazima, nembo ni hiari. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009 zinamhusu kila mvuvi, awe na nembo au asiwe nayo. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, hakuna aliyeulizwa kama anataka. Hata meza za Mbeya migebuka iliadimika. TBS wanashughulikia viwango vya kitaifa vya bidhaa na usalama wa chakula, na viwango vyao navyo hupita kwenye kamati za wataalamu na wadau kabla ya kutangazwa. Nembo ya hiari inakuja juu ya hayo. Hakuna mpango wa maana utakaokupa cheti huku unavunja sheria ya nchi yako.

Sisi wa mabwawa ya kuchimba, tukikaguliwa tutaulizwa nini?

La kwanza litakuwa uhalali: ardhi ni ya nani, kibali cha kutumia maji kiko wapi, mfereji umetoka mto gani. Wengi wetu tumerithi mfereji kwa babu na hatuna karatasi. Hilo lianzwe mapema, ofisi ya bonde la maji haitoi kibali kwa siku moja.

La pili ni mbegu, na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri. Vifaranga wengi tunaonunua ni sato, yaani perege wa Nile. Anakua haraka, mteja anampenda, na kwa baridi yetu ya Juni na Julai, samaki anayekua haraka si jambo dogo. Lakini sato si mwenyeji wa Ziwa Nyasa. Mabwawa yetu yanatoa maji kwenye vijito vinavyoingia Kiwira na Mbaka, na hiyo mito inaishia ziwani. Kule chini kuna magege, ndugu wa sato, na wakikutana wanaweza kuzaliana na kuwachanganya wenyeji mpaka wakapotea. Hili si la kufikirika: utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba sato ameshaingia kwenye bonde la ziwa hili.

Ndiyo maana viwango vya ufugaji vinauliza kama samaki unayemfuga ni mwenyeji wa maji yako, na kama si mwenyeji, alikuwa ameshaenea kabla yako au unamleta wewe. Bomba la kutolea maji lina chujio la matundu kiasi gani. Na mvua ya Aprili ikifurika ukingo unafanya nini. Mimi nimefunga chujio la nyavu mbili, moja ndani ya nyingine, na kila jioni ya mvua naenda na tochi kuondoa majani yaliyoziba. Mwaka mmoja sikwenda. Asubuhi nilikuta watoto wanaokota perege kwenye majani ya mfereji, wanacheka, wamejaza ndoo. Wangapi walifika mtoni sijui, na nikipita daraja la Kiwira bado nakumbuka.

Chakula nacho kinaulizwa. Ukinunua chakula chenye unga wa dagaa, swali ni hao dagaa walivuliwaje, na unatumia kilo ngapi za samaki wa ziwani kupata kilo moja ya samaki wa bwawani. ASC walitoa kiwango maalumu cha chakula cha samaki mwaka 2021 kwa sababu waliona kwamba kukagua bwawa peke yake hakutoshi. Mfugaji anayetumia pumba, mashudu na majani ya magimbi hapa yuko sehemu nzuri kuliko anavyodhani. Mbolea mbichi ya kuku au nguruwe itakuletea maswali.

Na watu. Kijana anayelisha samaki ana miaka mingapi, analipwaje, anajua kuogelea? Usishangae kuulizwa.

Usipa wa Ziwa Nyasa wanaweza kupata nembo?

Kikanuni ndiyo. MSC inapokea uvuvi wa maji baridi pia: ziwa Hjälmaren la Sweden lilipata cheti mwaka 2006, na ziwa Waterhen la Kanada mwaka 2014. FAO nayo ilitoa mwongozo wa nembo kwa uvuvi wa maziwa na mito mwaka 2011.

Lakini usipa ni samaki wa ajabu. Anaishi muda mfupi, na wingi wake unapanda na kushuka sana mwaka hadi mwaka, hata pasipo kosa la mvuvi. Ili kujua kama kupungua kwake ni kwa kawaida au ni kwa kuzidiwa, unahitaji hesabu za miaka mingi, mwalo kwa mwalo. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana kituo Kyela, na vikundi vya BMU, vya wavuvi kusimamia mwalo wao, vipo mialoni, kwa hiyo pa kuanzia papo. Kisha samaki hawajui mpaka. Ziwa ni letu, la Malawi na la Msumbiji, na tathmini haiwezi kuangalia usipa wa Matema ikaacha wa ng'ambo. Malawi wana funzo chungu la chambo, ndugu wa magege wetu, walioporomoka katika Ziwa Malombe.

Mbasa, samaki mwingine wa ziwa hili, ndiye ningemwombea kwanza. Anapanda mito kutaga, na anayeweka wavu kutoka ukingo hadi ukingo msimu huo anachukua mayai ya miaka inayokuja. Hakuna nembo ya nje itakayomwokoa mbasa kabla ya BMU na vijiji vya mtoni kukubaliana kuacha njia wazi.

Kwa kutia moyo: Tanzania tumeshapitia njia hii. Uvuvi wa sangara huko Bukoba, Ziwa Victoria, uliwahi kuthibitishwa chini ya shirika la Naturland la Ujerumani, na wavuvi wake walikuwa wa boti ndogo kama wetu.

Inagharimu kiasi gani?

Nyingi. Kwa tathmini kamili ya MSC, makadirio yao wenyewe yamekuwa kati ya dola 15,000 na 120,000 kutegemea ukubwa na ugumu wa uvuvi. Hakuna mfugaji wa Rungwe au Mufindi mwenye fedha hizo, na sioni sababu ya kuzitafuta peke yake.

Njia ya wadogo ni cheti cha kikundi. Wakulima wa parachichi wanaijua: kikundi kinakuwa na wakaguzi wake wa ndani wanaopita kwa kila mwanachama, halafu mkaguzi wa nje anapima kama huo usimamizi wa ndani ni wa kweli kwa kutembelea baadhi tu. Kwa GLOBALG.A.P. idadi ya anaotembelea haipungui kipeuo cha pili cha idadi ya wanachama, yaani kikundi cha watu 100, angalau 10. ASC nao wana utaratibu wa vikundi. Ubaya wake ni kwamba mmoja akidanganya wote mnaanguka, kwa hiyo chagueni wanachama kama mnavyochagua wa vikoba.

Mimi nauza tu Mwanjelwa, sivui wala sifugi. Nembo inanihusu?

Kama hutumii nembo, haikuhusu. Ukitaka kuuza samaki wakiwa na nembo, lazima samaki wa cheti wasichanganyike na wengine kuanzia mwaloni hadi mezani: sanduku lao, risiti zao, friza yao au rafu yao. Mkaguzi atajumlisha kilo ulizonunua na kilo ulizouza, na zisipolingana utaeleza. MSC hupima hata vinasaba vya samaki madukani ili kuhakikisha aliyeandikwa kwenye paketi ndiye aliyemo.

Nembo ziko nyingi. Ipi ya kuamini?

Mwaka 2013 ulianzishwa mpango wa GSSI, ambao kazi yake ni kulinganisha mipango ya vyeti na miongozo ya FAO na kutangaza ile iliyokidhi. MSC, ASC, BAP na GLOBALG.A.P. zimeshawahi kutambuliwa nao. Kwa BAP utaona pia nyota: kiwanda, shamba, kituo cha vifaranga na kiwanda cha chakula, kila kimoja kikiwa na cheti huongeza nyota, mwisho nne.

Je, nembo hizi hazina lawama?

Zinazo, na nyingi ni za haki. Anayekaguliwa ndiye anayemlipa mkaguzi. ASI na pingamizi vinapunguza tatizo hilo lakini haviliondoi. Vyeti vingi viko kwa wavuvi wakubwa wa nchi tajiri. MSC imeshutumiwa kwa kuchelewa kwenye haki za wafanyakazi wa melini. Leo kampuni iliyotiwa hatiani kwa kutumikisha watu kwa nguvu haistahili, na wapo wanaosema bado haitoshi. Mwaka 2014 FAO ilitoa miongozo ya hiari kwa uvuvi mdogo, inayoanza na haki za watu, na ningependa kuona waandishi wa viwango wakiisoma zaidi.

Hata hivyo sijaona njia nyingine inayomlazimisha mnunuzi wa mbali kuuliza maji ya kijito chetu yanaenda wapi.

Hatuna mpango wa cheti mwaka huu. Tuanze na nini?

Daftari. Moja kwa kila bwawa, lenye kava gumu, likae kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kibanda cha bwawani, si nyumbani. Mistari ya kutosha ni hii: tarehe, vifaranga wangapi, wa aina gani, kutoka kituo gani (wanaonunua Ruhila, Songea, watunze risiti), chakula kilo ngapi, maji yamefika wapi kwenye mkono, joto la maji asubuhi kama una kipimajoto, samaki waliokufa, samaki waliouzwa na nani kanunua, chujio limesafishwa au la. Andika palepale, siku ileile, kwa kalamu yoyote iliyo mfukoni. Matope yakidondokea ukurasa, yaache.